Kuboresha Taa za Nyuma za Pikipiki: Mwongozo wa Kuzifunga Mwenyewe

Kabla hujanunua chochote, ngoja giza liingie. Simamisha pikipiki mahali pasipopita magari, washa injini na taa, mpandishe mtu juu yake, kisha wewe rudi nyuma hatua mia moja na ugeuke. Akanyage breki ya nyuma, aachie. Abane ya mbele, aachie. Awashe indiketa ya kushoto huku breki ikiwa imekanyagwa. Asikutangazie anafanya nini. Wewe ukisie kwa kutazama taa tu.

Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikosea mara tatu kati ya sita. Taa ilikuwa inawaka, na ukiwa karibu ungesema haina neno, lakini kwa umbali ule sikuweza kujua kama jamaa amekanyaga breki au ametulia tu. Kibaya zaidi, alipobana breki ya mbele hakuna kilichobadilika kabisa. Swichi ilikuwa imekufa, na mimi ni mtu wa kutumia breki ya mbele kuliko ya nyuma. Sijui nilitembea hivyo kwa muda gani.

Taa ya nyuma ina mambo mawili tu ya kumwambia anayekufuata: "nipo hapa" na "napunguza mwendo". Anayenunua taa mpya hukimbilia inayowaka kwa ukali kuliko zote, akasahau kwamba kinachomshtua dereva wa nyuma ni mabadiliko, yaani taa kutoka hafifu kwenda kali kwa ghafla. Balbu ya kawaida yenye nyuzi mbili, ile ya wati 21 na wati 5, hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zipatazo 440 kwenye uzi wa breki na 35 tu kwenye uzi mdogo. Hiyo ni tofauti ya mara 12 na zaidi. Ukifunga taa inayong'aa vikali muda wote, halafu breki ikaiongezea kidogo tu, utaonekana ndiyo, lakini hakuna atakayejua unasimama.

Anza na ulicho nacho

Taa nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu ni chafu tu. Fungua skurubu za kioo cha taa (tunakiita kioo ingawa ni plastiki), kitoe, ukioshe ndani na nje kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Ndani ndiko kwenye kazi, maana vumbi huingia taratibu na kuganda hadi mwanga unapita kwa shida. Usitumie petroli wala tina, plastiki itapauka na kuota nyufa ndogondogo. Futa pia ukuta wa ndani wenye rangi ya fedha, kwa upole, kwa sababu ndio unaorudisha mwanga nyuma na rangi yake hubanduka haraka. Kioo kikiwa kimefifia hadi kuwa cha waridi, au kimepasuka, kibadilishe. Na vile vioo vyeusi vya urembo, vinavyofanya taa ionekane kama imezimwa mchana kutwa, sina la kuvisifia.

Chomoa balbu kwa kuisukuma ndani na kuizungusha kinyume cha saa. Angalia holda. Ukiona unga wa kijani au kutu, safisha kwa msasa laini hadi bati ling'ae, pamoja na vile vituo viwili vya chini vinavyosukumwa na springi. Vikiwa vimezama na havirudi juu, holda imechoka; badilisha holda, usihangaike na balbu.

Kisha fuata ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia fremu. Ethi mbovu ina dalili zake: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa mbali, au indiketa zikipiga, taa ya nyuma inapepesa pamoja nazo. Umeme umekosa njia ya kurudi betri, basi unapenya kwenye balbu za jirani. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Mguu mweusi uguse hasi ya betri, mwekundu uguse bati la holda, huku mtu amekanyaga breki. Ukisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ukisoma volti moja, basi volti hiyo nzima haifiki kwenye balbu. Na balbu ya uzi haivumilii kupunjwa: umeme ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Tafuta mahali waya wa ethi ulipofungwa kwenye fremu, fungua bolti, kwangua rangi na kutu, rudisha, paka grisi juu yake.

Nimeona pikipiki ikitoka hapa ikiwa na taa inayotosha kabisa, bila kununua hata balbu moja.

Swichi za breki

Watu huruka hatua hii na kukimbilia taa mpya, nami nilifanya hivyo hivyo. Taa iwe kali namna gani, kama swichi inaiwasha kwa kuchelewa haina faida.

Swichi ya nyuma huwa karibu na pedeli ya breki, upande wa kulia wa fremu. Ni kitu kama kidole cha plastiki chenye nyuzi za skurubu, kimeshikwa na nati ya plastiki, na chini yake kuna springi ndefu nyembamba iliyonaswa kwenye pedeli. Pedeli ikishuka springi inavuta, swichi inaunga. Unachotaka ni taa iwake pedeli ikiwa imeshuka milimita chache tu, kabla breki haijaanza kushika gurudumu. Kwa hiyo ukiipumzisha tu nyayo juu ya pedeli na kugusa kidogo, unakuwa umeshamwonya wa nyuma.

Kurekebisha ni hivi. Washa ufunguo. Shika mwili wa swichi kwa vidole vya mkono mmoja, usiuache uzunguke, kwa sababu ukizunguka utapotoa waya na kuzikata ndani. Kwa mkono mwingine zungusha nati. Swichi ikipanda juu, taa inawahi kuwaka, ikishuka, inachelewa. Zungusha nusu mzunguko, bonyeza pedeli kwa mkono, tazama. Endelea hivyo hadi upate unachotaka. Ukizidisha, taa itabaki inawaka hata pedeli ikiachiwa, na hiyo ni mbaya sawa na kutowaka, kwa sababu aliyeko nyuma hataona mabadiliko yoyote. Ukimaliza, simama na uzito wako juu ya pedeli, achia ghafla, hakikisha taa inazima mara moja. Springi iliyolegea au kuota kutu ibadilishe, maana ikikatika njiani hutajua.

Ya mbele ni swichi ndogo chini ya mkono wa breki, ina waya mbili. Huziba kwa vumbi na maji. Ichomoe, ipulizie dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ibonyeze mara ishirini thelathini. Isipopona, chomoa zile waya mbili na uzigusishe zenyewe kwa zenyewe: taa ya breki ikiwaka, tatizo ni swichi, nunua nyingine.

Jua balbu yako, na umeme unaoilisha

Balbu ya nyuma ya pikipiki nyingi ni yenye nyuzi mbili, imeandikwa 12V 21/5W, au namba 1157, na kitako chake huitwa BAY15d. Ina vipini viwili pembeni ambavyo haviko kwenye kimo kimoja, kimoja kiko juu ya kingine, ili isiingie kinyume. Ya uzi mmoja, wati 21, ni 1156 au BA15s, na vipini vyake vimelingana. Nyingine hazina vipini kabisa, zina kitako bapa cha kuchomeka. Nenda dukani na balbu yako mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Na kama pikipiki ni ya zamani, hakikisha ni ya volti 12 kweli; zipo za volti 6, na LED (taa ya vidonge vya kielektroniki badala ya uzi) ya volti 12 haitawaka huko, au itawaka kama kimulimuli.

Sasa jambo linalowaumiza wengi. Pikipiki nyingi ndogo zina aina mbili za umeme kwa pamoja. Indiketa, honi na taa ya breki hutumia umeme wa betri, DC. Lakini taa kubwa ya mbele na ile taa ndogo ya nyuma (ile ya "nipo hapa", ya uzi mdogo) hulishwa moja kwa moja na koili ya injini, AC, umeme unaogeuka geuka. Kujua ni rahisi: washa ufunguo na swichi ya taa, usiwashe injini. Taa ndogo ya nyuma ikiwaka, uko kwenye DC. Isipowaka hadi injini iwake, na ukivuta mafuta inaongezeka mwanga, uko kwenye AC.

LED kwenye AC hupepesa, na nyingi hazidumu. Dawa niipendayo ni kuihamishia taa ndogo kwenye umeme wa betri. LED ndogo haili hata robo ya ampea, betri haitaisikia. Nyuma kabisa, karibu na taa, tenga waya wa taa ndogo, ziba ncha yake ya AC kwa mpira unaosinyaa kwa joto na uifunge pembeni, usiikate mbele zaidi kwa sababu mara nyingi ndiyo inayolisha pia taa za dashibodi. Kisha vuta waya mpya kutoka kwenye waya wenye umeme pale tu ufunguo unapowashwa, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 3, uulete kwenye holda. Kuanzia hapo taa ya nyuma itawaka kila ufunguo ukiwashwa, mchana na usiku, nami naona hiyo ni faida.

Kuchagua LED

Faida ya LED inayonivutia zaidi ni wepesi. Uzi wa balbu lazima upate moto kwanza, na huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga kamili. LED huwaka papo hapo. Gari linalokuja nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo wepesi huo unampa dereva zaidi ya mita 4 za kusimama. Mita 4 ni urefu wa gari dogo.

Rangi: kioo chako kikiwa chekundu, chukua LED nyekundu. Kioo chekundu huruhusu nyekundu tu kupita na kumeza rangi nyingine, na LED nyeupe ina nyekundu kidogo kuliko unavyodhani. Ukali ulioulipia unaishia ndani ya kioo. Ila kuna mtego. Taa nyingi zina dirisha jeupe chini linalomulika kibao cha namba. Ukiweka LED nyekundu, namba nayo inamulikwa kwa nyekundu, na katika nchi nyingi hilo ni kosa. Basi ama utafute balbu ya LED iliyochanganywa, nyekundu nyuma na nyeupe chini, ama ufunge kitaa kidogo cheupe cha namba peke yake na kuiunga kwenye waya wa taa ndogo. Mimi nilichagua la pili, na namba yangu inasomeka kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Umbo: ukuta wa fedha ulio ndani ya taa umetengenezwa kwa balbu inayotoa mwanga pande zote. LED yenye vidonge kichwani tu hutoa nukta moja kali katikati na giza pembeni. Tafuta yenye vidonge kichwani na ubavuni pia.

Halafu tofauti, ile tuliyoianza nayo. Omba kuijaribu kabla ya kulipa. Gusisha kituo kimoja kwenye betri, kisha cha pili. Kama itabidi ukaze macho ujue ipi ni ya breki, irudishe. Zipo za rahisi ambazo taa ndogo inawaka karibu sawa na breki, na ukizitazama dukani zinapendeza sana.

Ukibadilisha taa nzima badala ya balbu, tafuta alama ya duara lenye herufi E na namba iliyochongwa kwenye kioo. Maana yake ni kwamba aina hiyo imepimwa na kuidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa.

Kuifunga

Toa waya hasi wa betri kwanza. Paka grisi ya umeme kidogo kwenye kitako cha balbu, iingize vipini vikifuata njia zake, sukuma, zungusha kufuata saa. Ikikataa usiilazimishe. Niliwahi kulazimisha moja iliyokuwa na vipini laini, ikaingia kinyume, na matokeo yake taa ikawa kali muda wote, na nikikanyaga breki karibu hakuna kilichobadilika. Niligundua nyumbani kwa bahati, kwa kuona mwanga ukutani hauongezeki.

Rudisha betri, jaribu, kisha ndipo ufunge kioo. Hakikisha mpira wa kuzuia maji umekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, na usikaze skurubu kwa nguvu za kufungia gurudumu.

Pikipiki mpya zenye kompyuta inayochunguza balbu zinaweza kuwasha onyo la "balbu imeungua", kwa sababu LED inakula umeme kidogo mno. Kwa hizo nunua LED iliyotengenezwa kwa mifumo hiyo.

Indiketa zinapoanza kukimbia

Ukibadilisha indiketa kuwa LED, mara nyingi zitapiga haraka kama zimepagawa, au zitawaka na kuganda bila kupiga. Hazijaharibika. Flasha (kifaa kinachozipigisha indiketa) ya zamani hupima mwendo wake kwa umeme unaopita ndani yake, nayo imezoea balbu mbili za wati 10 au 21. LED za wati moja moja inaziona kama balbu zilizoungua.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuongeza rezista kubwa zinazokula umeme bure ili flasha idanganyike. Zinafanya kazi, lakini hupata moto wa kuyeyusha plastiki na ganda la waya, kwa hiyo sizipendi. Ya pili ni kununua flasha ya kielektroniki inayokubali LED. Ichomeke palepale pa zamani, kwa kawaida chini ya kiti au nyuma ya taa kubwa. Tazama herufi: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi kama ina miguu mitatu. Flasha hizi zinajali upande; isipopiga, badilisha waya za B na L mahali. Mwendo unaokubalika ni mapigo kati ya 60 na 120 kwa dakika, kwa hiyo hesabu kwa saa.

Kama dashibodi yako ina kitaa kimoja cha indiketa kwa pande zote mbili, utakutana na kioja kingine: ukiwasha kushoto, zote nne zinapiga. Umeme unapita kwenye kitaa hicho kwenda upande wa pili, na LED haihitaji mwingi kuwaka. Nunua dayodi mbili za 1N4007 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu). Kila waya wa kitaa hicho upitishe kwenye dayodi yake, mstari mweupe wa dayodi ukielekea kwenye kitaa, ziungane upande mmoja wa kitaa, na upande wa pili uuunge na ethi. Ni kazi ya nusu saa.

Taa ya ziada

Taa moja katikati ina udhaifu ambao balbu bora haiuondoi. Usiku, nukta moja nyekundu haimpi dereva kipimo cha umbali. Taa mbili zilizoachana humsaidia, kwa sababu kadiri anavyokaribia anaziona zikitawanyika. Kwa hiyo kama utaongeza kitu, ongeza upana: vitaa viwili vidogo vya LED pande mbili za kibao cha namba au kwenye pembe za kibebeo. Tena viwe mbali na indiketa. Taa kali ya breki iliyobanana na indiketa huimeza, na hapo unakuwa umetatua tatizo moja kwa kuzalisha jingine.

Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za pikipiki, inataka taa ya nyuma na ya breki ziwe kati ya milimita 250 na 1500 kutoka ardhini, na indiketa za nyuma ziachane angalau milimita 180. Hata kama nchi yako ina vipimo vyake, hivyo ni vya kuanzia.

Utahitaji multimita au testa, koleo ya kukatia na ya kubania, viunganishi vya kubana, mpira unaosinyaa kwa joto, waya wa milimita ya mraba 0.75, na kamba za plastiki za kufungia.

Kwanza zitambue waya tatu zinazokwenda kwenye taa ya nyuma. Kwenye Honda nyingi waya wa kahawia ni wa taa ndogo, kijani chenye mstari wa njano ni wa breki, na kijani kitupu ni ethi. Kwenye Yamaha nyingi buluu ni taa ndogo, njano ni breki, nyeusi ni ethi. Lakini pikipiki iliyokwisha pita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kuwa na rangi yoyote mahali popote, kwa hiyo pima: mguu mweusi wa multimita kwenye ethi, mwekundu kwenye waya. Wenye umeme pale tu breki inapokanyagwa ndio wa breki.

Kisha piga hesabu. Vitaa viwili vya wati 3 kila kimoja ni wati 6, yaani nusu ampea. Balbu ya zamani ya wati 21 ilikuwa inavuta ampea 1.75. Kama umeshaiondoa na kuweka LED, swichi na waya zako zinabeba kidogo kuliko mwanzo hata ukiongeza hivyo vitaa, na huhitaji relei yoyote (swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa). Ukitaka kufunga kitu kinachopita hapo, jiulize kwanza unamtafutia nani upofu.

Toa hasi ya betri. Unga waya wa breki wa vitaa vipya na waya wa breki wa zamani, taa ndogo na taa ndogo, ethi na ethi. Usitumie vile viunganishi vya kubofya vinavyopenya ganda la waya bila kulimenya; vinakata nyuzi za shaba na kuingiza maji, na baada ya msimu mmoja wa mvua utaurudia mfumo mzima. Menya, ingiza mpira wa kusinyaa kwanza kabla ya kuunga (kila mtu husahau angalau mara moja), bana kwa kiunganishi, vuta kwa nguvu kuona kama kimeshika, kisha pasha mpira joto. Wanaopenda kulehemu kwa risasi wanaweza, ila waya hukakamaa pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa pikipiki hukata hapohapo. Ufunge waya kwenye fremu pande zote mbili za kiungo ili usicheze.

Pitisha waya mbali na ekzosi, na popote unapopenya bati weka mpira kwenye tundu. Kaa juu ya pikipiki uitikise juu chini ukiwa na mtu nyuma anayetazama gurudumu: waya usikaribie tairi hata shokomzoba zikizama hadi mwisho.

Vitu visivyokula umeme

Kiakisi chekundu cha nyuma kinafanya kazi hata betri ikifa na pikipiki imelala pembeni mwa barabara. Watu hukitoa kwa sababu ya urembo; kirudishe. Ongeza utepe wa kuakisi mwekundu nyuma ya sanduku au kibebeo na, ukipenda, nyuma ya kofia yako. Safisha kwa spiriti kabla ya kubandika, na kata pembe za utepe kwa mkasi ziwe za mviringo, pembe kali huanza kubanduka mapema. Utepe hurudisha mwanga kule ulikotoka tu, kwa hiyo hausaidii kitu kwa gari lenye taa mbovu, na haichukui nafasi ya taa.

Jaribio la mwisho

Rudia lile la hatua mia moja, na mtu yuleyule. Kisha rudia saa saba mchana, jua likipiga taa moja kwa moja, kwa sababu huo ndio wakati taa dhaifu hupotea kabisa. Rudia pia mahali penye kona, ukitazama kutoka pembeni na si nyuma moja kwa moja. LED nyingi ni kali katikati na hafifu pembeni.

Tazama rangi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, ambao nchi nyingi zimeufuata, unataka taa za nyuma ziwe nyekundu, na hauruhusu nyekundu kumulika mbele. Buluu na zambarau ziache. Taa za breki zinazopepesa kabla ya kutulia zinauzwa kila mahali, lakini sheria za nchi nyingi zinataka taa ya breki iwake bila kupepesa, na kwenye foleni zinamchosha aliye nyuma hadi anaacha kuzitazama.

Mwishowe pima betri injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa wastani: volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) ina shida, nayo itaziua LED zako moja baada ya nyingine, nawe utalaumu LED. Baada ya wiki moja ya kutembea, fungua kiti uguse kila kiungo kwa vidole. Kilicho na joto hakijabanwa vizuri.

Balbu yako ya zamani usiitupe. Izungushie kitambaa, iweke chini ya kiti pamoja na bisibisi ndogo. LED ikifa safarini usiku, inarudi mahali pake kwa dakika mbili.